Upatanisho, kafara na kutuliza ghadhabu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maneno haya tunayasikia kwenye mahubiri, mawaidha na sala, lakini ukimuuliza mtu yana maana gani hasa, mara nyingi atasita. Nimekusanya hapa maswali yanayonirudia tena na tena, na nimeyajibu kadiri ninavyoyaelewa baada ya miaka mingi ya kuyasoma na kuyafundisha. Baadhi ya majibu ni marefu kwa kuwa jambo lenyewe ni zito. Mengine yanatosha kwa mistari michache.

Kutuliza na kupatanisha si kitu kimoja?

Hapana, ingawa ni majirani wa karibu sana. Kutuliza kunashughulika na hasira. Yupo aliyekasirika, na yupo anayetaka hasira hiyo ishuke, kwa hiyo anapeleka zawadi, anaomba radhi, anachinja, anajinyenyekeza. Kupatanisha kunashughulika na uhusiano. Tazama neno lenyewe lilivyojengwa: kutoka *pata* tukapata *patana*, yaani kila mmoja kumpata mwenzake, na kutoka hapo *patanisha*. Hasira inaweza kutulia na bado watu wasipatane. Mtu amenyamaza, hagombi tena, lakini mkikutana njiani kila mmoja anatazama upande wake.

Lipo na jambo la tatu ambalo watu husahau kulitenga na haya mawili, nalo ni kuondoa doa. Hapa swali ni kosa limeacha uchafu gani na uchafu huo utasafishwaje. Hasira, uhusiano, doa. Maneno kama kafara, fidia, dhabihu na toba huzunguka katikati ya hayo matatu, na mabishano mengi kati ya waumini huzuka pale mmoja anapozungumzia hasira huku mwenzake akizungumzia doa.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Yakobo na Esau, katika Mwanzo sura ya 32 na 33. Yakobo alimnyang'anya ndugu yake baraka, akakimbia, na baada ya miaka mingi anarudi akisikia kwamba Esau anamjia na watu 400. Anatanguliza zawadi: mbuzi 220, kondoo 220, ngamia 30 wanaonyonyesha pamoja na watoto wao, ng'ombe 50, punda 30. Anasema moyoni kwamba zawadi hiyo itamtuliza ndugu yake kabla hajamwona uso. Kitenzi cha Kiebrania anachokitumia ni kilekile ambacho baadaye kitatumika hekaluni kwa upatanisho wa dhambi, na hapa kina maana ya kuufunika uso wa mtu.

Lakini soma kilichofuata. Esau alimpigia mbio, akamkumbatia, akamwangukia shingoni, wakalia wote wawili. Baada ya hapo tu ndipo alipouliza wale wanyama wote walikuwa wa nini, na akasema yeye anavyo vya kutosha. Zawadi ilipelekwa ili kutuliza hasira, ila mapatano hayakutokana na zawadi. Yalitokana na Esau mwenyewe. Kila ninapofundisha upatanisho naanzia hapo, kwa sababu swali kubwa la jambo hili lote limo ndani ya hadithi hiyo: ni nani anayeanza kumkimbilia mwenzake?

Neno "kafara" limetoka wapi?

Limetoka katika Kiarabu, *kaffara*, lenye mzizi wa k-f-r, kufunika. Mzizi huohuo ndio uliotupa *kufuru* na *kafiri*, yaani mwenye kuifunika kweli au neema. Kiebrania nacho kina mzizi unaofanana, *kipper*. Nuhu alipoambiwa aipake safina lami, herufi za kitenzi hicho ni hizohizo. Wanazuoni wengine hawakubali kwamba maana ya msingi ni kufunika. Wanaelekeza kwenye Kiakadi cha Babeli, ambako *kuppuru* ni kupangusa au kusafisha. Tofauti hiyo si ndogo: dhambi iliyofunikwa bado ipo chini ya kifuniko, iliyopanguswa haipo tena.

Katika Kiswahili cha kila siku neno limepinduka kwa namna inayonihuzunisha. Tunaposema fulani "ametolewa kafara", tuna maana kwamba asiye na kosa amebebeshwa gharama ili mwingine afaidike. Katika sheria ya dini ni kinyume kabisa. Kafara hutolewa na mwenye kosa, kutoka katika mali yake au mwili wake, na faida humwendea maskini au mtumwa anayeachwa huru.

Kwa nini Mungu atulizwe? Ana hasira kama ya binadamu?

Watu wa kale wengi walijibu ndiyo bila kusita. Katika karne ya 14 KK, Mursili wa Pili, mfalme wa Wahiti kule Anatolia, aliandikisha sala ambazo zimetufikia kwenye vibao vya udongo. Tauni ilikuwa imeua watu wake kwa miaka kama 20. Alichunguza ni kosa gani limewakasirisha miungu, akagundua kwamba baba yake alivunja kiapo, na kwamba sadaka za mto Mala zilikuwa zimeachwa. Anakiri kosa ambalo hakulitenda yeye. Anasema dhambi ya baba humjia mwana. Kisha anatoa hoja inayogusa sana: mtumishi akikosa na akaungama mbele ya bwana wake, moyo wa bwana hutulia. Anaongeza kwamba wakifa watu wote, hatabaki wa kuwaokea miungu mkate wala kuwamiminia kinywaji.

Humo ndani mna hofu, na mna biashara. Ila pia mna ungamo la kweli, na sidhani ni haki kumdharau mfalme yule.

Manabii wa Israeli waliikataa biashara lakini hawakuikataa hasira. Mika anauliza kama Bwana ataridhika na maelfu ya kondoo waume na mito ya mafuta, au hata na mzaliwa wa kwanza, halafu anajibu kwamba kinachotakiwa ni kutenda haki, kupenda rehema na kwenda kwa unyenyekevu. Hasira wanayoisema manabii ni ya anayeona yatima akidhulumiwa. Kwangu mimi, Mungu asiyekasirishwa na dhuluma angekuwa wa kutisha kuliko anayekasirika. Shida huanza pale tunapodhani hasira hiyo ina bei.

Wagiriki na Warumi hawakuwa wanawahonga miungu tu?

Wengine ndiyo, na Plato alilalamika juu yao: makuhani ombaomba wanaogonga milango ya matajiri wakiahidi kwamba kwa dhabihu na maneno fulani wataondoa dhuluma ya mtu, au hata ya babu zake. Lakini katika utenzi wa Iliadi, Apollo anapoipiga kambi ya Wagiriki kwa tauni siku tisa, ng'ombe wa dhabihu hawatoshi peke yao. Agamemnon alikuwa amemchukua binti wa kuhani na kukataa kumrudisha kwa baba yake. Kwanza binti arudishwe, tena bila malipo, ndipo dhabihu itolewe. Mpangilio huo tutaukuta tena mbele.

Damu inafanya kazi gani?

Swali hili huwatisha watu wa leo, na naelewa kwa nini. Jibu la Walawi 17:11 ni kwamba uhai wa mwili umo katika damu, na Mungu anasema ameitoa *yeye* kwa watu juu ya madhabahu iwe upatanisho wa nafsi zao. Mwelekeo huo ni wa kushangaza. Mtu haleti damu kumlisha Mungu mwenye njaa. Mungu ndiye anayempa mtu njia ya kurudi.

Katika Siku ya Upatanisho, tarehe 10 ya mwezi wa Tishri, kuhani mkuu aliingia patakatifu pa patakatifu na kunyunyiza damu juu na mbele ya kiti cha rehema, kile kifuniko cha dhahabu cha sanduku la agano. Walawi 16 inasema wazi kwamba alipafanyia upatanisho *mahali* patakatifu kwa sababu ya uchafu wa wana wa Israeli. Chumba hakiwezi kukasirika wala kutulizwa. Hapo ni lugha ya doa: makosa ya watu yamechafua nyumba ambamo Mungu anakaa kati yao, na isiposafishwa hatakaa.

Kuna sehemu moja ambayo hairudiwi sana madhabahuni. Walawi 5 inaruhusu maskini asiyeweza hata njiwa wawili alete sehemu ya kumi ya efa ya unga, bila mafuta wala ubani, na dhambi yake inasamehewa. Ni unga tu, hakuna damu. Mwandishi wa Waebrania alilijua hilo vizuri, ndiyo maana alisema *karibu* vitu vyote husafishwa kwa damu.

Mbuzi wa Azazeli ndiye huyo "mbuzi wa kafara"?

Tumechanganya mbuzi wawili. Siku hiyo ya Upatanisho walipigiwa kura: mmoja alichinjwa kwa ajili ya Bwana, wa pili, ndiye wa Azazeli, akawekewa mikono kichwani, makosa ya watu yakaungamwa juu yake, akapelekwa jangwani akiwa hai. Huyo wa pili hakuuawa madhabahuni. Alibeba mzigo kuupeleka mbali na watu.

Mwanafikra Mfaransa René Girard, aliyefariki mwaka 2015, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake akionyesha jinsi jamii zinavyopata amani ya muda kwa kumrundikia mtu mmoja lawama zote. Alishikilia kwamba Injili zinafichua uongo huo kwa kutangaza kwamba aliyeuawa hakuwa na hatia. Sikubaliani naye kila mahali, lakini tangu nimsome siwezi kuliona kundi la watu likimgeukia mtu mmoja bila kujiuliza dhambi ya nani hasa inafukuzwa jangwani.

Hekalu lilipobomolewa, Wayahudi walifanyaje?

Warumi walilibomoa mwaka 70 BK, na dhabihu zikakoma. Mapokeo yanasimulia kwamba Rabi Yoshua aliyatazama magofu na kulia kwamba mahali pa kuondolewa dhambi za Israeli pameangamia. Mwalimu wake, Yohanan ben Zakkai, akamwambia asihuzunike, wanao upatanisho mwingine ulio sawa na huo, yaani matendo ya huruma, maana imeandikwa katika Hosea kwamba Mungu ataka rehema wala si dhabihu. Hadi leo Yom Kippur, yaani Siku ya Upatanisho, ni siku ya kufunga na kuungama, bila kuhani mkuu na bila mbuzi.

Wakristo wanasema msalaba ulifanya nini hasa?

Wanakubaliana kwamba ulifanya, hawakubaliani ulifanyaje. Mitaguso mikuu ya kale, yaani mikutano ya maaskofu, ilifafanua kwa uangalifu Kristo ni nani, lakini hakuna hata mmoja uliotoa kanuni ya namna kifo chake kinavyookoa. Ndiyo sababu mawazo ni mengi.

Gregorio wa Nisa, katika karne ya 4, alisema binadamu alikuwa mateka wa ibilisi, na Kristo akawa fidia. Aliufananisha umungu wake na ndoana iliyofichwa ndani ya chambo cha mwili. Anselm wa Canterbury, aliyemaliza kitabu chake mwaka 1098, alikataa kwamba ibilisi ana haki ya kulipwa chochote. Deni ni la Mungu, kwa sababu dhambi imemnyima heshima anayostahili. Mtu ndiye anayedaiwa, Mungu peke yake ndiye awezaye kulipa, kwa hiyo mlipaji lazima awe Mungu aliye mtu. Wakatoliki wa Kiswahili wana neno linalokaribia wazo lake: malipizi. Kizazi kilichofuata, mwanateolojia Abelardo aliona jambo kwa upande mwingine. Msalaba haubadilishi kitu ndani ya Mungu, unawasha upendo ndani yetu. Wanamatengenezo ya kanisa wa karne ya 16, Calvin akiwa mbele, waliigeuza lugha ya heshima kuwa lugha ya mahakama: Kristo alibeba adhabu iliyotustahili. Na mwaka 1930 Msweden Gustaf Aulén aliwakumbusha watu kwamba Wakristo wa kwanza walipenda zaidi kusema juu ya ushindi, Kristo akiivunja nguvu ya dhambi, mauti na ibilisi.

Mimi huona ubaya si kuwa na picha nyingi. Agano Jipya lenyewe linazo: soko la watumwa, hekalu, mahakama, vita, ndugu waliogombana. Ubaya ni kuichukua picha moja na kuikamua hadi ianze kusema yale ambayo hayakukusudiwa. Ukiuliza katika picha ya fidia "alilipwa nani?", utaishia kwenye ndoana ya Gregorio.

Kwa nini tafsiri za Biblia hazikubaliani katika Warumi 3:25?

Pale Paulo anamwita Kristo kwa neno la Kigiriki *hilasterion*. Katika Agano la Kale la Kigiriki ndilo jina la kiti cha rehema, na katika Waebrania 9:5 lina maana hiyohiyo. Lakini kwa Wagiriki wa kawaida ukoo wa neno hilo ulihusu kuwatuliza miungu. Kwa hiyo: je, Paulo anasema Kristo ametuliza ghadhabu, au amefuta dhambi, au yeye ndiye mahali ambapo Mungu na watu wanakutana?

Katika miaka ya 1930 mwanazuoni C. H. Dodd alidai kwamba wafasiri wa Agano la Kale la Kigiriki walilisafisha neno na dhana ya kutuliza. Karibu popote, alisema, Mungu si mtendewa wa kitenzi hicho, hivyo kinachoshughulikiwa ni dhambi. Leon Morris wa Australia alimjibu mwaka 1955 kwamba hasira haiwezi kuondolewa kirahisi hivyo, kwani Paulo ameanza kusema juu ya ghadhabu ya Mungu tangu Warumi 1:18, na ni nini basi kilichoipata ghadhabu hiyo?

Watafsiri wa Kiswahili cha Biblia ya Muungano waliandika "upatanisho" hapo, na katika 1 Yohana 2:2 "kipatanisho". Walichagua neno la uhusiano, si la hasira wala la doa. Tumepata faida, kwa sababu masikio yetu yanasikia watu wawili wanaorudiana. Tumepoteza pia, kwa sababu kiti cha rehema hakionekani tena katika sentensi.

Morris ana haki kuhusu ghadhabu. Dodd ana haki kuhusu jambo ambalo naliona kubwa zaidi: mtendaji ni nani. Katika dini za Wagiriki mtu ndiye anayemtuliza mungu. Kwa Paulo, Mungu ndiye aliyemweka Kristo awe upatanisho. Na katika 2 Wakorintho 5 Mungu ndiye anayeupatanisha ulimwengu na nafsi yake. Hakuna mahali Paulo anaposema Mungu alipatanishwa na sisi. Ni Esau tena, anakimbia.

Basi Baba mwenye hasira alimpiga Mwana asiye na hatia?

Hapana, hata kama mahubiri mengi yanaacha picha hiyo. Katika Yohana 10:18 Yesu anasema hakuna anayemwondolea uhai wake, anautoa mwenyewe. Mafundisho ya Utatu hayaruhusu Baba na Mwana wawe pande mbili zinazovutana. Mhubiri anayemfanya Mungu mkali atulizwe na Mungu mpole amehubiri miungu wawili.

Uislamu una upatanisho?

Hauna mtu anayebeba dhambi za mwingine. Kurani inarudia kwamba hakuna mbebaji atakayebeba mzigo wa mwenzake. Mlango ni toba, na uko wazi. Maulamaa, Imamu Nawawi akiwa mmoja wao, wameeleza masharti yake: kuliacha kosa, kulijutia, na kuazimia kutolirudia. Likiwa linahusu haki ya mtu linaongezeka sharti la nne, kumrudishia mwenye haki haki yake.

Pamoja na toba ipo kafara kwa makosa maalumu. Aliyevunja kiapo hulisha maskini kumi, au huwavisha, au huacha huru mtumwa. Asiyeweza hufunga siku tatu. Imo katika sura ya al-Maida, aya ya 89. Kwa aliyeua bila kukusudia, kuna kumwacha huru mtumwa muumini na diya kwa jamaa za aliyeuawa, na asiyepata hufunga miezi miwili mfululizo. Angalia kafara inaishia wapi. Inaishia tumboni mwa mwenye njaa, mgongoni mwa asiye na nguo, shingoni mwa mtumwa. Na kuhusu wanyama wa kuchinja, sura ya al-Hajj, aya ya 37, inasema nyama na damu zao hazimfikii Mwenyezi Mungu, bali kinachomfikia ni ucha Mungu.

Kuna Hadithi katika Bukhari ambayo haijawahi kunichosha. Mtu alikuja kwa Mtume akisema ameangamia, amemwingilia mkewe mchana wa Ramadhani. Akaulizwa kama anaweza kuacha huru mtumwa. Hawezi. Kufunga miezi miwili mfululizo? Hawezi. Kulisha maskini sitini? Hawezi. Ikaletwa kapu la tende, akaambiwa akaitoe sadaka. Akauliza ampe nani, na hakuna nyumba maskini kuliko yake. Mtume akacheka hadi meno yake yakaonekana, akamwambia awalishe watu wa nyumbani kwake. Nani kati yao aliyetuliza, na nani aliyetulizwa?

Kafara na fidia ya Ramadhani ni kitu kimoja?

Sivyo. Fidia ni badala ya ibada kwa asiyeweza, kama mzee sana au mgonjwa asiyetarajiwa kupona, ambaye hulisha maskini mmoja kwa kila siku asiyofunga. Hakukosa. Kafara ni kwa aliyekosa.

Dini zisizo na Mungu wa kutulizwa zinasemaje?

Ubudha unafundisha kwamba tendo huzaa matunda yake, na hakuna wa kumwomba ayafute. Angulimala, muuaji aliyekuwa mtawa na kufikia ukombozi, bado alirushiwa mawe alipokuwa akiomba chakula, akarudi damu zinamtoka. Buddha alimwambia avumilie, kwani anavuna matunda ya matendo yake. Hata hivyo watawa huungamiana makosa mara mbili kwa mwezi. Wajaini, mwishoni mwa siku zao za toba kila mwaka, huomba msamaha kwa viumbe vyote hai, wakubwa na wadogo.

Uhindu ni mpana mno kwa jibu moja. Una maagizo marefu ya malipizi kwa kila aina ya kosa, na una pia wimbo wa kale sana katika Rigveda, kitabu cha 7, ambamo Vasishtha anamuuliza mungu Varuna ni dhambi gani kubwa aliyoitenda hata atake kumuua rafiki yake aliyekuwa akimsifu. Anaomba afunguliwe dhambi zake na za baba zake. Kinachomuuma ni urafiki uliokatika kuliko adhabu.

Dini za jadi za Kiafrika ni kutuliza mizimu tu?

Neno "tu" ndilo tatizo. Chukua Wanueri wa Sudan Kusini kama walivyoelezwa na mwanaanthropolojia Evans-Pritchard katikati ya karne ya 20. Mtu aliyeua alikimbilia kwa kuhani avaaye ngozi ya chui. Hakula wala kunywa mpaka kuhani amechanja mkono wake damu itoke, maana damu ya marehemu ilihesabiwa kuwa imemwingia. Alikaa pale kwa usalama huku kuhani akizisemesha familia mbili. Ng'ombe walitolewa kwa jamaa za marehemu, na kwa ng'ombe hao ukoo uliweza kuoa mke kwa jina la aliyekufa ili awe na watoto. Dhabihu ilikuwepo. Doa, hasira na uhusiano vyote vitatu vilishughulikiwa, na aliyekufa hakusahauliwa. Sijui mafundisho mengi yanayomkumbuka aliyedhurika kwa kiasi hicho.

Naweza kutubu kwa Mungu bila kumwendea niliyemkosea?

Hili ndilo swali lililonifanya nianze kuandika, na nalijibu bila kuzunguka: hapana, ikiwa kumwendea kunawezekana na hakumwongezei madhara.

Sitegemei hisia zangu. Walawi 6 inamtaka mwizi arudishe alichochukua, aongeze sehemu ya tano, ampe mwenyewe *siku ileile* anapoleta dhabihu yake ya hatia. Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za Kiyahudi, katika sehemu ihusuyo Siku ya Upatanisho, inasema siku hiyo hupatanisha makosa ya mtu na Mungu, lakini yale ya mtu na mwenzake haiyapatanishi mpaka amridhishe mwenzake. Yesu, katika Mathayo 5, anamtaka anayekumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake aiache sadaka pale madhabahuni, aende kupatana kwanza. Zakayo hakusema tu kwamba anaamini. Alisema anarudisha mara nne. Na katika Hadithi iliyopokewa na Muslim, Mtume anaeleza muflisi wa umma wake ni nani: atakayefika Siku ya Kiyama na sala, saumu na zaka, lakini alimtukana huyu, akala mali ya yule, akamwaga damu ya mwingine. Mema yake yatagawiwa hao mpaka yaishe, kisha makosa yao atupiwe yeye.

Hizo ni dini ambazo hazikubaliani juu ya msalaba, juu ya dhabihu wala juu ya nani hubeba nini. Hapa zinasema kwa sauti moja kwamba njia ya kwenda kwa Mungu inapita kwenye mlango wa uliyemdhuru. Neno la kutuliza, ambalo wengi wetu tunaliona aibu likitumika kwa Mungu, hapa lina kazi halali kabisa: aliyeumizwa ana hasira ya haki, na ni wajibu wangu kuifuata ilipo, kuisikiliza na kuilipia.

Na aliyekosewa analazimika kusamehe?

Maimonides, mwanasheria wa Kiyahudi wa karne ya 12, aliandika kwamba mwenye kosa aende, na akikataliwa arudi na rafiki watatu, tena mara ya pili na ya tatu. Akikataliwa zote, amwache, na mzigo umehamia kwa aliyekataa.

Kanuni hiyo ni nzuri kwa ugomvi wa kawaida. Naiogopa inapotumiwa kumsukuma mtu aliyepigwa au kunajisiwa akubali "kupatana" haraka ili familia au kanisa lisiaibike. Huko ni kutuliza, ila anayetulizwa ni mwathirika ili wengine walale usingizi. Toba ya kweli haimwekei saa aliyeumizwa. Kusamehe na kurudi kuishi na mtu ni mambo mawili, na mtu anaweza kufanya la kwanza bila la pili.

Niliyemkosea ameshafariki. Nifanyeje?

Swali hili huja kwa sauti ya chini, mara nyingi baada ya wengine kuondoka.

Kwa Waislamu, kama ni mali, irudishwe kwa warithi. Wasipojulikana, itolewe sadaka kwa niaba yake, na anayehusika amwombee dua. Wakatoliki huiweka katika Kitubio, yaani sakramenti ya kuungama dhambi, pamoja na kurudisha kinachoweza kurudishwa kwa jamaa, na kumwombea marehemu. Maimonides anaagiza jambo ambalo mimi huwaambia hata wasio Wayahudi, kwa sababu linampa mtu mahali pa kusimama: achukue watu kumi, aende nao kaburini, aseme mbele yao, "Nimemkosea Mungu, na nimemkosea mtu huyu," ataje na kosa lenyewe. Akidaiwa fedha, awape warithi. Asipowajua, aziache mikononi mwa mahakama, na aungame.